Wivu wangu ulivyoiponza timu ya besiboli ya bosi wangu hapa Dubai

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Huwa napita kimya kimya, nacheka na comments zenu nikiwa parking namsubiri madam, halafu nawasha gari naondoka. Leo nimeamua kuandika. Na sitatia chumvi, maana kisa chenyewe kinaniaibisha mimi, sasa nikidanganya nitakuwa nafaidika na nini?

Niiteni Shabani. Mtu wa Tanga, mwaka wa sita huu nipo Dubai, dereva wa familia moja kule Mirdif. Bosi ni Mkanada, tunamwita Sir. Ni watu wazuri, yeye na madam. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaanza habari za kafeel mbaya, yaani mwajiri mdhamini, huko chini. Mbaya kwenye uzi huu ni mimi.

Sasa Sir ana ugonjwa mmoja, anacheza besiboli.

Mtu mzima, hamsini na kitu, kitambi kipo, goti la kushoto bovu. Lakini msimu wa ubaridi ukifika, kila Jumamosi asubuhi lazima nimpeleke uwanjani na begi lake la magongo. Ana timu na wenzake, watu wa maofisini mchanganyiko. Jina la kweli naliacha, humu nitaiita Paka.

Kwa wasioujua huo mchezo: mmoja anarusha mpira, wa upande wa pili anasimama na gongo anaupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo, akirudi pale alipoanzia ni pointi. Akikosa mara tatu, anakaa. Kama umecheza rede utotoni utaelewa nusu. Nusu iliyobaki mimi ilinichukua mwaka mzima.

Mwanzoni nilikuwa nakaa zangu kwenye gari, AC inapuliza, nasinzia.

Jumamosi moja nikasikia paaa! Kioo cha mbele chote nyufa. Nikatoka mbio nikijua kazi imeisha. Namuona Sir anakimbia anazunguka vituo huku anachechemea, mikono juu, wenzake wanapiga kelele. Kumbe ni yeye aliyeupiga ule mpira, ukavuka uzio, ukatua kwenye gari lake mwenyewe. Alipomaliza kuzunguka akaja moja kwa moja kwangu, akanikumbatia na jasho lake lote.

"Shabani, umeona? Umeona ule?"

Sikuwa nimeona kitu, nilikuwa nasinzia. Nikasema nimeona Sir. Anacheka, mimi naangalia kioo. Siku ile ndiyo nikawa shabiki, na mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nafikiri sijawahi kumuona mtu mzima akifurahia hasara kiasi kile.

Basi nikahama kutoka kwenye gari. Nikapata sehemu yangu kwenye benchi la timu, nyuma ya wavu. Nikanunua daftari la kawaida la shule, nikawa naandika mechi kwa mtindo wangu mwenyewe. Mtu akipiga vizuri namchorea mkwaju, akikosa namchorea yai. Wachezaji walikuwa wanakuja kuchungulia wanacheka, "Shabani, leo nina mayai mangapi?"

Wakuu, ile timu ilikuwa inaumiza roho. Wanaoshabikia timu za mpira nyumbani mnadhani mnajua mateso. Paka wiki hii wanawapiga vinara wa ligi mpaka unawaonea huruma. Wiki ijayo wanakutana na timu iliyoundwa juzi, wana mchezaji kaja na kandambili, na Paka wanafungwa. Nimewahi kuona watu watatu wa timu yangu wameuzunguka mpira mmoja, kila mmoja anamwachia mwenzake, mpira unadondoka katikati yao.

Nikifika chumbani kwangu nasema basi, khalas, sirudi tena. Ijumaa ikifika, nimeshaosha chupa kubwa ya maji baridi ya timu.

Na kuna raha yake jamani. Wakishinda ni kama umeokota kitu barabarani. Siku za ushindi mimi na Sir tulikuwa tunapitia cafeteria kunywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa na viungo, ndani ya gari, tunarudia mechi yote. Yeye bosi, mimi dereva, lakini nusu saa ile tulikuwa mashabiki wawili tu. Hiyo chai ndiyo iliyokuwa yangu, zaidi hata ya mechi.

Sasa ndipo anaingia Kato.

Kato ni Mganda, mlinzi kwenye ghala moja kule Dubai Investments Park. Nilikutana naye kwa kinyozi mmoja mtaa wa Al Baraha. Mimi kama kawaida yangu nikaanza kujisifia timu. Jamaa akageuka na sabuni kidevuni.

"Banange! Hapa Dubai kuko baseball? Mzee, mimi nilicheza hiyo kwa secondary."

Kumbe Uganda kuna shule wanacheza sana. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamwalika. Mkumbuke hilo. Nilimleta mwenyewe, kwa gari, tena nilimpitia.

Jumamosi ya kwanza tu alikaa pembeni yangu, akaangalia daftari langu la mikwaju na mayai, akatabasamu. Halafu akaanza kuongea na Sir mambo mazito. Nani asimame wapi, nani abadilishiwe zamu ya kupiga. Sir akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyempata daktari.

Jumamosi ya pili Sir akampa kile kitabu rasmi cha kuandikia mechi, chenye vijumba vidogo vidogo. Kato anakijaza kama karani wa benki. Na siku hiyo hiyo akapewa kofia ya timu.

Kofia, wakuu. Mimi nilikuwa na misimu miwili pale. Nimeosha chupa, nimebeba magongo, nimefungwa nao kwenye jua. Hakuna aliyewahi kunipa kofia. Kato wiki ya pili anayo kichwani, na inamkaa vizuri.

Nitasema wazi, nilimwonea wivu. Wivu wa kunikosesha hamu ya kula. Nilikuwa naendesha huku nikimuona kwenye kioo kiti cha nyuma na ile kofia, nakigeuza kioo nisimuone. Maana sasa chai ya karak tulikuwa watu watatu, na waliokuwa wanaongea ni wawili.

Wiki moja Paka wakafungwa vibaya. Sir kanuna, Kato kanuna. Mimi moyoni nikasikia raha. Nikajisemea, si mtaalamu huyo, imekuwaje?

Hapo ndipo nilipaswa kujishtukia. Shabiki anaposherehekea timu yake kufungwa, kuna kitu kimeoza. Lakini sikujishtukia. Wiki iliyofuata nilisusa kabisa, nikaondoka kwenye benchi. Nikachukua mkeka wangu nikaenda kukaa upande wa parking, kivulini, peke yangu na daftari langu. Sir akanipungia mkono nirudi, nikamuonyesha ishara kwamba naangalia gari. Hakurudia.

Sasa tufike kwenye mechi yenyewe.

Mwaka huu, kwa maajabu, Paka walifika mechi ya kuingia nusu fainali. Hawajawahi. Na Sir alishaambiwa na daktari kwamba lile goti linatakiwa kufanyiwa operesheni, na baada ya hapo asahau kukimbia. Kwa hiyo wakifungwa, ndiyo mwisho wake. Wakishinda, anapata angalau mechi moja zaidi. Aliniambia hivyo asubuhi ile njiani, anacheka, lakini mkono unasugua goti.

Wapinzani walikuwa na mrushaji mmoja mrefu, mtulivu, hatari. Alikuwa na mpira wa aina mbili. Mmoja unakuja moja kwa moja kama risasi. Wa pili unakuja vizuri, halafu ukikaribia unazama chini, mpigaji anapiga hewa. Paka walikuwa wanakosa mmoja baada ya mwingine kwa sababu hawajui upi unakuja.

Mimi nilijua.

Kutoka pale kwenye mkeka nilikuwa namuona yule mrushaji kwa ubavu. Kila alipotaka kurusha ule unaozama, alikuwa anaupanga mpira kwanza ndani ya glavu, na glavu inatanuka kidogo, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mfuko. Akirusha ule wa moja kwa moja, glavu inatulia. Walio kwenye benchi nyuma ya wavu hawawezi kuona, glavu inawatazama wao. Kato na vijumba vyake asingeona hata akae mwaka mzima.

Mara ya kwanza nikadhani ni macho yangu. Nikaanza kuandika kwenye daftari kabla hajarusha: unazama, unanyooka, unazama. Nikapatia mara kumi na moja mfululizo.

Nikasimama, nikavaa viatu. Nikapiga hatua kama nne hivi kuelekea kwenye benchi.

Halafu nikamuona Kato na kofia yake, kaegemea wavu, anamnong'oneza Sir. Nikaliona litakalotokea lote. Nitamwambia, yeye ndiye atakayelieleza kwa lugha yao, wataruka wamkumbatie yeye. Jioni kwenye chai itakuwa ni Kato, Kato, Kato.

Nikarudi kwenye mkeka.

Katikati ya mechi wakapumzika kunywa maji. Kato akaja mwenyewe mpaka pale kivulini, kanibebea glasi ya maji.

"Mzee, kwa nini unakaa huku peke yako? Kuja kwa bench." Akaangalia uwanja, akasema, "Huyu mtu anatumaliza. Wewe hapa unaona vizuri. Kuna kitu umeona?"

Nilifunika daftari kwa goti. Nikamwambia, "Sijaona kitu."

Akaacha ile glasi, akaondoka.

Zamu ya mwisho. Paka wako nyuma kwa pointi moja, wana mtu kwenye kituo cha tatu, amebaki mpigaji mmoja tu. Mnajua nani? Sir.

Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili. Nikiwa pale niliiona glavu ikitanuka, pana, waziwazi. Nilikuwa nimeshasimama. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Lakini sasa nipige kelele niseme nini, kwa lugha gani, hata hawanijui kama najua? Nilikuwa na saa nzima ya kusema, nikaitumia kununa.

Mpira ukaja vizuri, Sir akapiga kwa nguvu zake zote, mpira ukazama. Akapiga hewa mpaka akazunguka akaanguka juu ya goti lile lile.

Mechi ikaisha.

Nilikimbia nikafika wa kwanza kumnyanyua. Akanishika bega, anahema. Akavua kofia yake mwenyewe, imelowa jasho, chumvi imeweka mistari, akanivalisha.

"Chukua, Shabani. Hakuna aliyeteseka na sisi kama wewe."

Wenzake wakapiga makofi. Kato alipiga makofi kuliko wote.

Ile kofia iko kabatini kwangu. Sijaivaa hata siku moja.

Wiki iliyofuata nilimtafuta Kato nikamwambia kila kitu, nikamuonyesha na daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilitegemea atukane. Alichosema ni kimoja tu:

"Lakini mimi nilikuuliza."

Tunasalimiana mpaka leo. Ila nikimwambia nimpitie na gari, anasema atapanda basi.

Nilichojifunza, na nawaachia hapa: wivu haukunidanganya kwamba Kato ni mbaya. Nilijua ni mtu mwema. Ulinidanganya kwamba nikikaa na kitu peke yangu kitakuwa changu zaidi. Nilitaka timu iwe yangu, nikaishia kuifunga kwa mikono yangu, na Sir, ambaye chai yake ndiyo niliyokuwa nagombania, ndiye niliyemmaliza.

Sasa shida iliyonileta hapa ni hii. Sir bado anairudia ile mechi. Hana kinyongo, ni kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea ndani ya nyumba. Tukisimama taa nyekundu ananigeukia, "Shabani, ule wa mwisho, unafikiri ningeweza kujua?"

Na mimi kila mara najibu, "Sijui Sir, nilikuwa mbali."

Madam amenivuta pembeni, anasema nisimpe Sir mawazo ya ile mechi kabla ya operesheni. Roho yangu inasema mwambie. Uoga unasema kazi hiyo itaondoka, Shabani, tulia. Na kuna sauti nyingine inauliza kama nataka kumwambia kwa ajili yake au ili mimi nilale vizuri.

Nyie mngekuwa nyuma ya usukani mngefanyaje? Mnaotaka kunitukana mtukane, nimestahili, lakini mkimaliza mnishauri.

Na msichelewe wakuu. Kesho saa moja asubuhi nampeleka hospitali kwa lile goti. Ni mwendo wa dakika arobaini, na Sir siku hizi anakaa kiti cha mbele.