Kwa nini tuliacha kumpeleka mdogo wangu kupimwa uzito, Bagamoyo ya miaka ya sabini

Wakuu, habari za leo. Wakubwa zangu shikamooni.

Kuna uzi wa juzi humu, mtu analalamika kwamba wazazi wanaanza vizuri mipango ya uzito wa watoto, halafu baada ya wiki chache hawaonekani tena. Wengi mmejibu kwamba ni uvivu, ujinga, kutojali. Nilisoma comments zote, chai yangu ikapoa mezani.

Mimi natoka katika familia iliyoacha. Nitasimulia ilivyokuwa, na nilipokosea mimi nitapasema. Wenzangu wote wa mkasa huu wameshatangulia, sina tena wa kumficha.

Twende.

Miaka ya sabini mwanzoni tulikuwa tunaishi Bagamoyo, mji mkongwe. Baba alikuwa na duka la vitambaa. Mama alifariki mdogo wangu Mwanahawa, tuliyemwita Hawa, akiwa na miaka miwili, kwa hiyo tulilelewa na Bibi, mama yake Baba.

Bibi alimpokea yule yatima kwa mikono miwili, na mikono yote miwili ilikuwa na chakula. Asubuhi vitumbua. Saa nne uji wa mchele na tui zito. Mtoto akilia, analishwa. Akicheka, analishwa zaidi. Nadhani kila tonge alilomtia mdomoni, Bibi alikuwa anamwambia marehemu: usiwe na wasiwasi huko uliko.

Hawa alikuwa mnene, mweupe wa meno, mcheshi. Watu walimpenda. Wapita njia walisimama kumfinya mashavu, wakasema mashallah.

Alipofika miaka tisa, miguu yake ilikuwa imepinda kwa nje, kama mtu aliyebana mtungi katikati ya magoti. Akitembea kidogo anakaa. Usiku analala akijisugua magoti, hasemi kitu.

Baba akatutuma kliniki. Jina la kliniki silitaji, na haipo tena. Daktari alimshikashika miguu, akaniambia mimi kwa sababu ndiye niliyempeleka: "Mifupa hii inaweza kunyooshwa kwa operesheni kule Dar. Lakini hawatamgusa akiwa na uzito huu. Apungue kilo nane kwanza. Na msichelewe, akishakua mkubwa haitawezekana tena."

Kilo nane, wakuu. Hilo ndilo lililokuwa baina ya mdogo wangu na miguu yake.

Tukaingizwa kwenye mpango. Kila Alhamisi, mizani. Muuguzi tuliyemwita Sista, mwanamke wa bara, mpole, mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi, akanipa daftari. Niandike kila siku Hawa amekula nini na kiasi gani.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la saba, nipo nyumbani nasubiri kuposwa. Kuandika ndiyo ilikuwa furaha yangu pekee. Nilikuwa natunga hadithi nyuma ya karatasi za kufungia vitambaa, hakuna anayezisoma. Leo napewa daftari jipya na mtu wa kulisoma!

Nilitoka pale natembea kama bibi harusi.

Sasa nieleze kitu ambacho vijana wa sahani moja moja huenda hamkijui.

Kwetu hatukuwa tunakula kwenye sahani. Wali unapakuliwa kwenye sinia moja kubwa, mchuzi unamwagwa juu, wanaume sinia lao, wanawake na watoto letu. Mikono inaingia pamoja. Ukiwa umekaa pale hutazami mkono wa mwenzio, unatazama mbele yako. Kumhesabia mtu matonge ni aibu kubwa kuliko kumtukana. Ni kumwambia kwamba hapa si kwenu.

Na mimi nimetumwa na Sista nihesabu matonge ya yatima.

Siku ya kwanza nilijaribu. Nikawa nakula huku jicho moja liko kwenye mkono wa Hawa. Moja, mbili, tatu. Kumbe midomo yangu ilikuwa inacheza.

Bibi akasimamisha mkono wake juu ya sinia.

"Saida, unasoma dua gani katikati ya chakula?"

"Hapana, Bibi."

"Unamhesabia nani?"

Bibi akaangalia sinia, akaangalia Hawa, akaelewa. Akalia palepale, mkono wake umejaa wali. "Mama yake hayupo, ndiyo unamhesabia? Mtoto ahesabiwe matonge nyumbani kwa babake, mimi bado hai?"

Nikasema basi, nimtengee sahani yake. Hilo likawa baya zaidi. Kwetu aliyetengewa chombo ni mgonjwa wa kuambukiza au mtu mliyegombana naye. Hawa mwenyewe alipoiona ile sahani akauliza, "Dada, nimefanya nini?"

Nikairudisha kabatini.

Nilipaswa kwenda kumwambia Sista ukweli, kwamba nyumbani kwetu kazi hii haiwezekani, tutafute njia nyingine. Badala yake nilikaa na daftari langu jipya, nikatunga.

Niliandika kwa mwandiko wa kulala, mzuri kama taraza ya pindo la kitambaa. "Jumatatu mchana: matonge sita ya wali, kipande cha samaki, mchicha. Usiku: muhogo wa kuchemsha, kipande kimoja." Niliandika machungwa ambayo hatukununua. Niliandika mchicha wa kulisha kijiji.

Alhamisi Sista akalisoma, akalinyanyua mbele ya akina mama wote. "Tazameni daftari la Saida! Hivi ndivyo inavyotakiwa."

Wakuu, nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa maandishi yangu. Nilienda nyumbani nikaandika vizuri zaidi.

Niwape kidogo habari za lile benchi. Mpango ulikuwa wa watoto wote wenye shida ya uzito, na wengi walikuwa wamekonda. Tuliozidi tulikuwa wachache. Kuna mama mmoja wa Mapinga, mkulima, Mzaramo, mwanawe mbavu zinahesabika. Alikuwa anamtazama Hawa, anacheka.

"Shoga, huyu wako mnampa nini? Nigawie siri."

"Tubadilishane wiki moja," nikamjibu.

"Wa kwako akija kwangu atapona kwa siku mbili, wallahi! Wa kwangu akija kwenu mtanirudishia shekhe."

Tulicheka mpaka Sista akatukanya. Mama yule aliambiwa ampe mwanawe yai na karanga kila siku, peke yake. Siku moja akaninong'oneza: "Nina watoto sita. Nimfiche huyu nyuma ya nyumba ale yai, wenzake wanachungulia? Jana kamega vipande sita mwenyewe, akawagawia."

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala hakuja tena. Sista akasema, "Watu wa kule hawajali." Na mimi niliyejua niliangalia miguu yangu.

Zikapita wiki kama sita. Daftari linapendeza, mizani haisogei. Halafu ikasogea, ikapanda.

Sista akaweka daftari upande huu, kadi ya uzito upande ule. Akakunja uso kwa masikitiko ya kweli, maana alimpenda yule mtoto. Akapiga magoti mbele ya Hawa, akasema kwa sauti iliyosikika benchi zima:

"Hawa, mwanangu. Dada yako anaandika kila kitu. Kwa chakula hiki ungekuwa umepungua. Sema kweli, unadokoa jikoni?"

Hawa akanigeukia.

Sijui niliandike vipi lile jicho. Nimejaribu miaka mingi. Halikuwa na lawama. Lilikuwa linaniuliza niseme mimi au aseme yeye.

Neno moja tu lilitakiwa. Sista, nimedanganya. Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nikawaza vile akina mama watakavyonitazama, nikalimeza.

Hawa akasema, "Ndiyo, Sista. Nadokoa."

Bagamoyo ya siku zile habari haikuhitaji redio. Kabla ya adhuhuri Baba ameshaambiwa dukani, mbele ya wateja, kwamba binti yake amekiri udokozi hadharani. Alirudi nyumbani, hata duka hakulifunga.

"Mwanangu ale kwa kuiba nyumbani kwangu? Watu watasema namnyima! Tangu leo hakuna kwenda kule. Imekwisha."

"Na operesheni, Baba?"

"Mungu ndiye aliyemuumba na miguu ile."

Bibi yeye alichoma daftari jikoni, akalipikia chai. Niliona mchicha wangu wa uongo unakunjamana.

Sista alikuja nyumbani mara moja. Alitembea jua kali mpaka barazani kwetu. Bibi akamkaribisha, akampa chai na mkate wa kumimina, wakaulizana hali mpaka salamu zikaisha. Kila Sista alipotaka kumtaja mtoto, Bibi akamwongezea chai. "Hajambo, alhamdulillahi. Yuko kwa shangazi yake." Hawa alikuwa chumba cha pili.

Sista akasema, "Basi naomba nionane na Saida tu."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Sikutoka.

Akaaga, akaondoka. Hatukumwona tena.

Hawa alipofika miaka kumi na mitatu aliacha shule kwa sababu hafiki. Kumi na saba, magongo. Wachumba walikuja kwa ajili yangu, wakamsalimia yeye, wakampita. Alishona kofia ndani ya chumba kile maisha yake yote, na nyumba nzima ilicheka kwa vichekesho vyake. Bahari, iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni, alikuwa anasimuliwa tu.

Tukiwa watu wazima nilimwomba radhi. Nilijiandaa mwezi mzima. Akanikatiza.

"Nilijua, Dada. Nilikuwa nalisoma lile daftari kila ukilala."

"Sasa mbona ulisema unadokoa?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Ulikuwa unafurahi sana ukisifiwa."

Amefariki miaka mitatu iliyopita, moyo na sukari. Waliobeba jeneza lake walibadilishana mara nyingi njiani. Nimeona niliseme na hilo, kwa kuwa nimeahidi ukweli.

Funzo, mkitaka funzo: tulimpenda wote, Bibi, Baba, mimi, hata Sista. Hakuna aliyekuwa mvivu. Ila kule kliniki hakuna aliyewahi kutuuliza, "Nyumbani kwenu mnakulaje?" Na sisi tukaona aibu kusema bila kuulizwa. Kati ya aibu yetu na ukimya wao, mtoto akapoteza miguu.

Nyinyi wauguzi na madaktari mliomo humu, mzazi akikosekana wiki ya pili mnafanya nini? Na wazazi mlioacha, semeni kilichowatoa. Sitamcheka mtu. Kama kuna wa kunilaumu, naye aandike, nitasoma yote.