Udongo wa Kahawia

Kila nikifungua pakiti ya krayoni za binti yangu hapa Kitale, ile harufu ya nta inanirudisha Misikhu, kwa mwalimu wa sanaa aliyejua rangi kwa kukariri tu, bure kabisa. Nilichora shamba letu, nikaupaka udongo rangi nyekundu.

"Ati udongo nyekundu? Umeona wapi?"

"Si hiyo iko hapo nje, mwalimu."

"Nje ndio inasahihisha mtihani? Kitabu imesema kahawia!"

Akanichapa, nikapaka kahawia juu ya nyekundu, machozi yakilowesha karatasi. Kengele ilipolia akavua viatu vyake vilivyojaa matope, akanituma nivioshe mferejini. Nikasugua, nikasugua, na maji yakazidi kutiririka mekundu.