Gari Nililolikodi Zaituni Akitungoja

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau miaka yote hii na haijakubali. Umeniambia kwamba ukishuka kwenye ndege huko ugenini utakodi gari hapo hapo uwanjani, uendeshe mwenyewe. Sikukatazi. Ila keti kwanza unisikilize, maana mimi nilikwisha kukodi gari uwanja wa ndege kabla wewe hujazaliwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa dereva hapa Rumonge, nabeba ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mawese kwenda Bujumbura kwa lori la tajiri mmoja, na permi yangu ya kuendesha niliipata tangu wakati wa Wabeleji. Ungeniona! Nywele zimelala kwa mafuta, kiwiko kiko dirishani, nikipita Gitaza napiga honi hata kwa mbuzi. Nilidhani anayejua usukani anaijua dunia.

Dada yangu Zaituni alikuwa ameolewa Dar es Salaam na Juma, fundi cherehani. Ikaja telegramu: Zaituni yuko hospitali, hali mbaya, anamtaka mama. Tuliuza mawese ya msimu mzima na baiskeli yangu, tukapanda ndege, mimi na mama, ambaye hakuwahi kupanda hata ngazi ya ghorofa. Alifunga ndagala wakavu kwenye kitenge, kwa sababu Zaituni aliwapenda tangu utotoni.

Juma alikuja kutupokea, teksi inangoja nje. Lakini macho yangu yalikwisha kuona kaunta ya magari ya kukodi, na ng'ambo ya kioo gari jeupe linang'aa. Nikataka Zaituni asikie kwamba mdogo wake ameingia Dar es Salaam akiendesha mwenyewe. Nikamwambia Juma atangulie, tutamfuata.

"Mutoto wangu," mama akasema, "twende na mukwe. Zaituni anatungoya."

"Mama, miye niko dereva. Nitakufikisha mbele yake."

Tazama sasa ubaya wangu. Mama asingeweza kwenda na Juma bila mimi. Kwetu mama mkwe haketi gari moja na mkwewe pasipo mtoto wake kati yao. Angeona heri atembee kwa miguu. Nililijua hilo. Kwa hiyo nilipoikataa teksi nilimkatalia na yeye. Juma alinisihi mara mbili, kisha akaenda, maana hakutaka mgonjwa abaki peke yake.

Yule wa kaunta akaniuliza, "Umezoea kuendesha kushoto?" Hapa kwetu, unajua, tunapita kulia, kule wanapita kushoto. Sikuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

"Nimezoea," nikajibu.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini mimi niliona haya hata kujibu ukweli. Akanipa ufunguo, akabaki na pasipoti yangu.

Kwenye barabara kubwa nilifuata magari ya mbele, najisifu kimoyomoyo. Nilipokata kona nikaingia barabara tupu, mikono ikafanya ilivyozoea, ikanipeleka kulia. Lori likatokea mbele yetu. Nikalikwepa, tukaishia mtaroni, gurudumu la mbele limepinda. Mama alichubuka kidogo usoni. Ndagala walimwagika miguuni pake.

Polisi wakanizuia niandike maelezo. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mkewe garini akajitolea kumpeleka mama hospitali. Mama akawatazama wale, akanitazama mimi. Alifikiri nitafungwa katika nchi ya watu. Alikuwa anangoja nimwambie, "Mama, nenda." Sikusema, mwanangu. Niliogopa kubaki peke yangu na polisi, mimi bingwa wa kupiga honi. Wale watu wakaondoka.

Tulifika hospitali alasiri. Juma alikuwa ameketi nje ya wodi.

"Ametutoka," akasema. "Kila mlango ukifunguliwa aliuliza kama ni mama. Nikawa namwambia, wako nyuma yangu."

Mama aliwahi kumwosha tu.

Mama naye hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniomba kitu kimoja, nimrudishe siku moja akalione kaburi. Nikaahidi mwaka ujao, na tena mwaka ujao. Ukaja mwaka wa sabini na mbili. Rumonge ikawaka, watu wakachukuliwa majumbani mwao na hawakurudi, sisi tukavuka ziwa na nguo tulizovaa. Mama alifia huko ng'ambo, upande wa Kigoma, tukiwa wakimbizi. Alikuwa nchi moja na kaburi la mwanawe, na sikuweza kumfikisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Watu huniambia Mungu husamehe, nami naamini husamehe. Lakini wa kuniambia "nimekusamehe" ni wawili, na wote wako chini ya udongo.

Basi kodi gari ukipenda. Uliza kwanza wanapita upande gani, ulizungushe hapo hapo uwanjani mpaka mikono izoee, na pasipoti yako usiiache mezani kwa mtu. Ukiulizwa kama unajua na hujui, sema sijui. Aibu yake haifiki hata jioni. Wenyeji wakija kukupokea, achana na gari, uende nao. Na ukikosea, mwanangu, kwa kuwa utakosea, usimshike mtu mwingine ili akusaidie kuogopa. Mwambie aende.

Nenda salama. Mungu akulainishie njia, akupe ulimi usioona haya kusema kweli, akufikishe kwa wanaokungoja uwakute wangali hai.