Gorogoro Mbili

Lori la mzee wangu, baba wa watoto wangu, lilikuwa na harufu yake: dizeli, magunia, na jasho lake yeye mwenyewe. Hata leo nikipita karibu na gereji na hiyo harufu ikanipata, nasimama. Watu hudhani nimechoka. Sijachoka, namkumbuka tu.

Lilikuwa kuukuu hata siku tuliyolinunua. Lilinibebea mahindi kutoka mashambani, nami nikayauza sokoni Mashimoni, Kibera, kwa gorogoro, lile kopo la bati ambalo kila mama wa soko anapimia. Mimi shule niliacha nikiwa mdogo, lakini watoto wangu wote walisoma kwa hilo lori, na wajukuu wangu sasa wananisomea hata maandishi ya dawa. Najivunia, na sifichi.

Kura zilipotangazwa na Kibera ikawaka moto, jirani yangu, mama fundi wa kushona, aliambiwa awe ameondoka kabla ya jioni. Kosa lake lilikuwa kabila. Vijana waliomwambia ni wale wale aliowashonea yunifomu wakiwa na makamasi. Sisi watu wa Kitui hatukuguswa sana, kwa hivyo mzee wangu akasema, "Tunampeleka Kawangware kwa dada yake. Leo." Tukapakia cherehani, kitanda na masufuria. Yeye tukamketisha mbele, leso kichwani.

Lori kuwaka tu, moshi! Mzee akafungua boneti. Kuna kijiti cha kupimia oili, mafundi wanakiita dipstiki, kinakaa ndani ya bomba jembamba. Bomba hilo lilikuwa limeliwa na kutu, likakatika pale linapoingilia injini, na oili ilikuwa inarukia chuma moto.

"Hivi hatufiki hata Ngong Road," akasema.

Maduka ya spea yalikuwa yamefungwa, mengine yamekuwa majivu. Lakini mtaa wa pili, Kambi Muru, kulikuwa na lori lililokufa zamani, mwenyewe akifugia kuku ndani. Mzee akaenda kuomba. Akarudi na bomba, kijiti, na mavi ya kuku mabegani. Nilicheka, hata siku kama hiyo.

Kipande kilichobaki ndani ya injini alikipaka grisi, ili unga wa chuma usianguke ndani. Akapigilia mkia wa tupa katikati yake, akauzungusha polepole, akikibembeleza kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Kikatoka. Bomba la kuku likaingia likichezacheza, akalivisha kipande cha tyubu na kuziba kwa sabuni ya mche.

Shida ikabaki kijiti. Kilikuwa kirefu kuliko chetu, na alama zake zingetudanganya: kingeonyesha oili imejaa kumbe injini inakauka. Ilibidi tumwage oili yote kwenye karai, turudishe kipimo kamili, ndipo tukate alama mpya kwa tupa. Mzee alijua injini yake inakunywa gorogoro tano.

"Lete gorogoro yako, mama."

Nikaleta. Alipomimina ya pili, jirani akatoa kichwa dirishani.

"Wewe mama! Hiyo si ndiyo unatuuzia nayo?"

"Ndiyo. Ina nini?"

"Eti ina nini! Si matako yake yameingia ndani! Lete ile yako ya kununulia. Unataka injini ife njiani, mimi niuawe kwa sababu ya mahindi yako?"

Mzee akageuza kopo, akaona kitako kilivyogongwa nyundo. Akaniangalia. Soko zima lilipima hivyo, si mimi niliyeanzisha. Lakini miaka yote hiyo nilidhani huyu mwanamke hajui.

"Na mbona hukuwahi kusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini? Kwani wewe ukiniletea kitambaa, vipande vinavyobaki ulidhani vinaenda wapi?"

Tulicheka sisi watatu, tukashika mbavu, na ng'ambo ya reli moshi wa nyumba za watu ukipanda.

Nikakimbia kuleta gorogoro ya haki. Oili ikapimwa upya, mzee akakata alama, tukaondoka. Njiani alisimama mara moja, akavuta kijiti, akakifuta kwa shati, akakirudisha, akavuta tena. Oili ilikuwa pale pale kwenye alama. Jirani hakupumua mpaka mzee alipofunga boneti.

Kawangware dada yake alikuwa amesimama nje, mikono kichwani. Tulishusha vitu hata chai hatukunywa, kwa sababu sisi nasi tulitakiwa turudi kukiwa mchana. Mimi na jirani tulikumbatiana vibaya, haraka haraka, nikimpaka oili kwenye blauzi. Hakurudi Kibera tena.

Mzee alipokuwa anageuza lori niliangalia nyuma. Jirani alikuwa ameshaweka cherehani yake kando ya ukuta wa dada yake, na mwanamke mmoja wa huko alikuwa anamwonyesha gauni lililochanika.