Daraja la Kwa Shomvi Linapitika Leo?

Ibtisam binti Muhsin ana tabia moja mbaya, nayo ni kuweka mikono kichwani. Akifikiri, mikono kichwani. Kompyuta ikigoma, mikono kichwani. Baba yake, Mzee Muhsin mwenye duka kule Tabata, amemkemea tangu akiwa mtoto wa chuoni: "Shusha mikono! Hapa kuna maiti?" Sisi watu wa pwani tunajua mikono kichwani ni ya msibani, na anayeiweka bure anauita msiba uje. Mimi pia nimemkemea sana, maana anakaa kwenye pembe ya duka langu la ushonaji hapa Kinondoni, na wateja wakimwona vile wanaingia wakiniuliza kwa sauti ya chini, "Najat, kuna nini?"

Pembe ile nilimpa mwenyewe, tumesoma pamoja. Cherehani yangu huku, kompyuta yake kule. Kazi yake ni kuifanya tovuti moja iitwayo Njia Leo ionekane juu mtu anapouliza kitu Google. Tovuti yenyewe inatoa habari za barabara: wapi foleni, wapi pamefungwa, wapi maji yamejaa. Mwenye tovuti ni Stanley, kijana wa Msasani anayeongea na watu kana kwamba wote wanamchelewesha. Kiangazi kilichopita alimpigia simu, nikasikia kila neno maana Ibtisam huweka spika.

"Sista, tuko ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne nani anafika? Hata mie mwenye tovuti sifiki. Masika ikitukuta hukohuko nafunga, kila mtu achukue chake."

Ibtisam akaweka mikono kichwani, nikamkemea, akaishusha na kuanza kazi. Alipakua kumbukumbu za miaka: maneno yote ambayo watu wa Dar waliyaandika wakitafuta njia, mamia ya maelfu ya mistari. Hakuna binadamu wa kuyasoma yote, kwa hiyo akaandika programu ya kuyachambua na kuyapanga makundi makundi. Siku zile hakuwa akila mpaka nimsukumie sahani.

Kumbukumbu zile zilimwambia mambo mawili. La kwanza, tovuti ilikuwa ikiongea lugha ya ofisini. Iliandika "taarifa ya hali ya miundombinu", na katika mistari yote ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza kitu kama hicho. Watu waliuliza "kwa shomvi panapitika", "daraja vipi leo", "maji yamefika wapi". Mmoja aliandika tu "nipite nisipite", tukacheka mpaka nikajichoma sindano. Kwa Shomvi ni lile daraja fupi la bondeni, kati ya kwetu na upande wa Tabata. Likifunikwa na maji, inabidi uzunguke mbali mpaka utamani kurudi nyumbani. Kumbe kuliko barabara zote za mji huu, hilo ndilo lililokuwa likiulizwa zaidi.

La pili ndilo lililotuponza. Watu hawapendi kufungua na kusoma. Ukurasa uliokuwa na jibu tayari kwenye kichwa chake ndio uliopendwa, na wengi walisoma kichwa hicho palepale Google wakaondoka zao bila kufungua chochote.

Basi Ibtisam akatengeneza ukurasa, juu yake akaandika kwa herufi nene: "Daraja la Kwa Shomvi linapitika leo? Ndiyo, linapitika."

"Na mvua ikinyesha?" nikamuuliza.

"Nabadilisha. Dakika moja tu, Najat."

Na kweli kilikuwa kiangazi, daraja kavu, hata mbuzi walipita. Ukurasa ukapanda, wa tatu, wa pili, wa kwanza, hadi siku moja ukawa juu kabisa ya vyote. Stanley alileta pilau na soda, akamwita Ibtisam "mashine". Lakini aliyefurahi kupita kiasi alikuwa Mzee Muhsin. Mzee yule kila Ijumaa baada ya swala humpakia mama yake, Bi Wahiba, kwenye pikapu yake kuukuu, akamleta kwa Ibtisam, kwa sababu bibi hataki kuogeshwa na mtu mwingine duniani. Tangu ukurasa ule upande juu, akitoka msikitini humwonyesha kila mtu simu: "Haya kayaandika mwanangu. Nchi nzima inamuuliza yeye." Kisha husema bismillahi na kutia gari moto.

Ijumaa ninayoisimulia, kwetu kulikuwa na jua. Nilianika vitenge nje. Ghafla akaingia Jamali wa bodaboda kuchukua suruali yake, amelowa hadi magotini.

"We Jamali, umeogelea?" nikamtania.

"Usicheke, sista. Pugu mvua inapiga tangu alfajiri, maji yote yameshuka bondeni. Kwa Shomvi kumeshaliwa. Mie nimepita kwa kudra tu. Na watu wanaendelea kuja, ukiwaambia wanakuonyesha simu. Google yenu inasema linapitika."

Ibtisam alivuta kiti mbele. Vidole vyake vilikimbia juu ya kompyuta, akafuta "Ndiyo", akaandika "HAPANA, HALIPITIKI". Akachukua simu, akauliza Google swali lilelile ambalo watu wote huuliza. Jibu likaja juu kabisa, herufi nene: Ndiyo, linapitika.

"Si umebadilisha?"

"Nimebadilisha kwangu. Google inaonyesha ilichosoma jana. Mpaka irudi kusoma tena." Alikuwa akibonyeza hapa na pale, akiomba ukurasa usomwe upya. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa, huenda likachukua siku kadhaa.

"Wakifungua ukurasa wenyewe wataona hapana."

"Hawafungui, Najat! Hawafungui! Mie ndo nimewazoesha!"

Ndipo sote wawili tukatazama saa ya ukutani. Watu walikuwa wametoka msikitini kitambo.

Akampigia baba yake. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Mzee Muhsin huzima mlio wa simu akiingia msikitini na hukumbuka kuuwasha wakati wa kulala. Ibtisam akapiga dukani, akapokea Twaha, kijana anayemsaidia mzee kuuza dukani.

"Kaondoka, dada. Kampakia bibi, kasema njia nyeupe, ameona kwenye simu."

Jamali hakuambiwa kitu, aliwasha pikipiki. Tulipanda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, mimi na futi yangu bado shingoni. Niliogopa na sioni haya kusema. Ibtisam mbele yangu alikuwa akirudia neno moja tu, ya Rabi, ya Rabi, ya Rabi.

Bondeni tulikuta umati upande wetu. Daraja halikuonekana, zilionekana kingo zake tu, vichwa vya vyuma viwili vitatu vikichungulia. Katikati maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakipita kimya, tena laini, na huo ulaini ndio uliokuwa ukiwadanganya watu. Fuso moja lilikuwa limetoka kuvuka, kwa hiyo kila mtu aliamini naye atavuka.

Ibtisam akarukia barabarani, akalizuia gari lililokuwa likijiandaa. "Msipite! Daraja halipitiki!"

Dereva, mwanamume wa makamo, alimwonyesha simu dirishani. "Dada, we nani? Soma hapa. Linapitika."

"Mie ndo nimeandika hiyo!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Haya, na mie ndo nimejenga daraja." Nilitamani kumpiga na ile futi.

Ndipo tukaiona pikapu. Ilikuwa ng'ambo, inashuka mteremko polepole, kitambaa cheupe cha Mzee Muhsin kikining'inia kwenye kioo cha ndani kama kawaida. Kando yake kilionekana kichwa kidogo chenye mtandio, Bi Wahiba, anayesinzia garini hata akipelekwa ng'ambo ya kaburi.

"Baba! Usije! Baba!"

Maji yalimeza sauti yote. Ibtisam akapunga mikono juu, akaipunga kwa nguvu zake zote. Mimi na Jamali tukapunga naye. Na mzee wa watu, alipomwona mwanawe amekuja kumpokea hadi darajani, akafurahi. Akatuwashia taa mara mbili, akatoa mkono dirishani, akatupungia. Gari likaendelea kushuka, na magurudumu ya mbele yakagusa maji.

Ibtisam aliacha kupunga. Alisimama katikati ya barabara, akaweka mikono yote miwili kichwani, vidole vikashikana utosini, akapanua kinywa akalia.

Pikapu ikasimama papo hapo.

Sikuwahi kuona gari likisimama vile. Mlango ukafunguka, Mzee Muhsin akateremka na kanzu yake, akabaki amesimama ndani ya maji ya kifundoni, anamtazama mwanawe. Nyuma yake honi zilizokuwa zikipigwa zikanyamaza moja moja. Na upande wetu, yule dereva wa makamo akazima injini, akavua kofia. "Poleni," akaniambia kwa upole. "Nani?" Wale wale waliotucheka walikuwa wameinamisha vichwa. Hapakuwa na aliyetazama simu.

Mzee Muhsin bado alikuwa amesimama pale wakati tangi kubwa jeusi la maji liliposukumwa na mkondo kutoka juu. Lilikuja kwa utaratibu, likagonga ukingo wa daraja, na ukingo mzima ukaondoka nalo. Vile vichwa vya vyuma havikuonekana tena.

Simu ya Ibtisam ikaita. Hakuipokea, mikono ilikuwa kichwani. Nikaipokea mimi, nikaweka spika, nikaisogeza mdomoni pake.

"Nani kafa?" Sauti ya mzee ilikuwa imepasuka.

"Hajafa mtu, baba."

"Sasa mikono kichwani ya nini, mwanangu?"

"Nilitaka usimame."

Tulimwona ng'ambo akitazama mahali ulipokuwa ukingo, kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa bado amesinzia.

"Lakini uliandika linapitika."

"Niliandika, baba."

Hakumgombeza. Nadhani angemgombeza ingekuwa nafuu kwake. Alisema tu, taratibu, "Haya. Shusha mikono."

"Sishushi mpaka urudi nyuma."

Akarudi nyuma. Na Ibtisam hakuishusha hata baada ya hapo, kwa kuwa magari mengine yalikuwa yakishuka ng'ambo, na kila aliyefika alimwona yule mwanamke akasimama. Alikaa vile hadi polisi walipokuja kufunga barabara. Jioni nilimvua baibui mimi mwenyewe, mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Google ilirudi kusoma siku ya Jumatatu, maji yalipokuwa yameshakwenda na mafundi wameshatengeneza. Juu kabisa, herufi nene: HAPANA, HALIPITIKI. Watu wanapita, mbuzi wanapita. Ibtisam alicheka, kisha akalia, kisha akafuta ndiyo na hapana zote mbili, akaweka picha ya daraja, mpya kila siku, imeandikwa saa ilipopigwa, mtu ajionee maji kwa macho yake. Google haipendi picha kama ipendavyo maneno, na kweli ukurasa umeshuka hadi wa tano. Stanley amekasirika. Mwache akasirike.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, simu ya Ibtisam iliita tukiwa dukani, mawingu yakiwa yametanda upande wa Pugu.

"Bibi yako ameshapanda gari," akasema Mzee Muhsin. "Nauliza kitu kimoja tu. Mikono yako iko wapi?"

Ibtisam aliangalia picha ya daraja, kisha akampigia Jamali aliyekuwa kule bondeni, akamsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akarudi kwenye simu ya baba yake.

"Iko chini, baba."

"Basi tunakuja."