Ndani ya Hifadhi

"Nyumba yako, Bi, imo ndani ya hifadhi," alisema mkuu wetu wa kitengo, kidole chake kikiwa juu ya ramani niliyoichora mimi.

Bibi aliyeuliza alikuwa amekaa mkeka wa mbele, katika darasa la skuli ya kijiji tulilopewa kwa ajili ya mkutano. Aliinua mikono miwili. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi rabbi-l-alamin." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Nyuma yake kikapita kicheko cha watu wanaofinyana ili mmoja wao asipasuke. Mwanamme aliyesimama dirishani akasema, "Bado sadaka tu, Bi. Chinja mbuzi!" Hapo darasa zima likaangua. Bibi akageuka akacheka nao, akidhani wanamfurahia. Mkuu naye akatabasamu, akakunja ramani, akauliza kama kuna swali jengine.

Kwa lugha ya ofisi yetu, hifadhi ni mstari. Unazunguka chemchemi na visima vinavyolisha mji, na ndani yake hakujengwi, hakufugwi wala hakuchimbwi choo. Nyumba iliyomo husubiri kuvunjwa. Kwa lugha ya kila mtu mwengine, hifadhi ni pale unapokimbilia unapofukuzwa.

Rasimu yangu ya maelezo ya mkutano ilisema "eneo lililokatazwa". Mkuu akalikata. "Unataka tupigwe mawe? Andika hifadhi. Watu wetu hawapendi maneno makavu." Nilibaki na neno lile siku nzima. Nikajiambia ni neno la sheria, kila mtu analijua. Kisha nikajiambia hakuna anayelijua. Kisha nikajiambia kwamba mtu aliyeajiriwa juzi na halmashauri, ambaye kazi yake ni kuhesabu vigingi na kuchora, hagombani na neno. Nikaliandika.

Nakaa kwa shangazi yangu Mji Mkongwe, ghorofa ya juu kabisa, ambako mfereji wa jikoni hutoa upepo zaidi ya maji. Shangazi huupiga kofi kila asubuhi. "Mtaalamu wetu huyo," huwaambia wageni. "Kasomea maji chuo kikuu, na ndoo hajui kuijaza." Jioni ile nilimsimulia habari ya bibi na alhamdulillahi yake, nikitaraji atasikitika. Alikuwa anakoroga uji, hata hakuacha.

"Avunjiwe tu. Choo chake si ndicho tunachokinywa sie?"

Choo kile nilikuwa nimekipima mwenyewe. Kilikuwa juu ya chemchemi, na ardhi inateremka.

Siku chache baadaye nilirudi kijijini peke yangu kuhakiki vigingi. Kijiji kipo kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya kwendea Mkokotoni, na nyumba ya bibi ni ya kwanza ukishuka kuelekea chemchemi. Nilimkuta uani, mkono kiunoni, anamwelekeza fundi aliyepanda juu ya kenchi. Makuti yote yalikuwa yameshushwa. Upande wa mbele wa paa ulishafungwa bati jipya, linang'ara hata kuumiza macho. Upande wa nyuma mbao tupu, na bati zake zimeegemezwa kwenye mpapai.

"Karibu mwanangu, umenikuta nimechafuka!" akasema. "Miaka yote nnaogopa. Watavunja, watavunja, ndiyo maneno ya watu. Sasa serikali yenyewe ishatamka kuwa nimo ndani ya hifadhi, nkasema basi. Nshamuuza ng'ombe wangu. Na mie nilale pakavu."

Nilitazama zile bati zilizoegemea mpapai. Bati zima duka hulipokea likirudishwa. Likishatobolewa kwa msumari, ni la mwenyewe mpaka Kiyama. Na fundi alikuwa ameshaanza kuuvuka mgongo wa paa kuja upande wa nyuma.

Nikenda nyuma ya jiko nikampigia mkuu.

"Anaezeka bati," nikasema.

"Nani?"

"Bi Alhamdulillahi." Ofisini tulishampa jina hilo. Nilijisikia nikilitamka, nikaendelea.

"Mwache aezeke. Mpige picha. Kilichojengwa baada ya mkutano hakina fidia, na mashahidi tunao."

"Hakulifahamu neno, mkuu."

"Neno gani? Hifadhi?" Akacheka. "Mtu wa Unguja, kazaliwa hapa, meno yamemwishia hapa, wewe ndiye umfasirie Kiswahili? Barua ikitoka atasomewa na sheha wake. Piga picha urudi."

Nilisimama pale na simu mkononi. Nikimwambia, nitakuwa nimetoa siri ya ofisi kabla ya barua. Nisipomwambia, ng'ombe wake anageuka matundu, tundu baada ya tundu, na mimi nasikiliza. Niliwaza nimwendee sheha wa kijiji, lakini sheha alikuwapo mkutanoni, na alicheka. Niliwaza nimwambie fundi peke yake kwa siri. Wakati nawaza, nyundo ilipiga mara kadhaa.

Nikarudi uani. "Bi," nikasema, "ile hifadhi ya mkutanoni. Kinachohifadhiwa pale ni maji."

"Ehee. Na sie tuliomo."

"Maji yanahifadhiwa na nyinyi mliomo."

Nilikusudia kusema kingine kabisa. Ulimi ulitafuta njia ya adabu, ukaniingiza shimoni. Uso wa bibi ukakunjuka.

"Si ndiyo! Nani anayefagia pale chemchemi tangu hajaolewa? Si mie? Msikieni mtoto wa watu anavyosema!" Aliwaambia hivyo majirani zake wawili, wanawake wa makamo, waliokaa barazani wakichagua mchele. Hawakuinua macho kutoka kwenye ungo.

Fundi akatia msumari mwengine.

"Bi, nyumba itavunjwa!"

Nilipaza sauti ili niishinde nyundo, na nyundo ikanyamaza nikiwa katikati ya neno. Likabaki peke yake uani.

"Nyumba ya nani?" akauliza.

"Hii. Maji yanahifadhiwa dhidi yako, Bi. Choo kiondoke, banda liondoke, nyumba iondoke. Hizo bati za mpapai bado nzima, duka litazipokea. Zirudishe leo."

Juu ya paa fundi akacheka kwa pua. "Ndo unakuja kumwambia sasa? Mie nshamaliza upande mzima."

"Ulikuwa unajua?" bibi akamuuliza.

"Nani asiyejua, Bi? Mie nimeitwa kupiga misumari, sikuitwa kufasiri."

Akawageukia majirani. "Na nyie?"

Mmoja akauweka ungo chini taratibu. "Tungekwambiaje, shoga yangu, na wewe ushafurahi?" Mwenziwe alijiziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuwa analia.

Nilingoja awatukane. Nilingoja amlaani mkuu wangu, na nilikuwa tayari kuitikia amin. Akanitazama mimi.

"Wewe ulikuwapo pale darasani."

"Nilikuwapo, Bi."

"Yule bwana wenu kasema nami mbele za watu, kwa heshima zake. Wewe unakuja kunipigia makelele uani kwangu, kama nnauza samaki." Kisha akamwambia fundi ashuke.

Bati nzima ziliondoka alasiri ile kwa gari ya ng'ombe. Za mbele zilibaki, maana zilishatobolewa na fundi alisema akizing'oa atazichana. Makuti ya zamani yalishatupwa, yameoza. Bibi akahamishia kitanda chumba cha mbele, na masika ilipoingia, chumba cha nyuma kikawa uwanja. Ng'ombe hakurudi, aliyemnunua alishamchinja.

Mkuu alinikaripia kwa kurudi bila picha. Hilo la kutoa siri hakuligusa. "Kwa hiyo sasa unajua kusema na watu," alisema tu, na wenzangu ofisini wakaona ni mzaha mzuri, wakaurudia wiki nzima kila nilipofungua mdomo.

Barua ilipotoka nilikwenda naye kuipeleka. Mimi nilibeba kopo la rangi nyekundu na brashi, kwa sababu nyumba ikishapewa barua hutiwa alama. Mkuu alivua viatu mlangoni. "Mama yetu," akasema, "tumekuja kukujulia hali." Bibi akamtolea kiti, akakifuta kwa kanga yake. Mkuu akamsomea taratibu, kwa ile sauti yake ya asali. Kila palipoandikwa kuvunjwa, yeye alisema kupisha.

"Ahsante, mwanangu," bibi akasema ilipokwisha, akaipokea barua kwa mikono miwili. "Nyie ndio mnaojua kusema na wazee."

"Shikamoo, Bi," nikasema.

Hakuitikia. Alimwambia mkuu, "Mwambie huyo apake ukuta wa nyuma. Hapa mlangoni nna wageni wanaingia."

Mkuu akanionyesha kwa kidevu. "Umesikia? Kapake nyuma."

Nikazunguka. Ukuta wa nyuma ulikuwa umekunywa mvua mpaka udongo unateleza, na rangi haikushika. Kila mkono wa X ulichuruzika hadi chini kabla sijauvuka na wa pili. Kutoka mbele nilimsikia bibi anamuuliza mkuu kama chai anaipenda yenye tangawizi, na mkuu anamuuliza kifua kinaendeleaje siku hizi za baridi. Nikachovya tena brashi, nikapaka juu ya pale pale, mpaka alama ikasomeka.