Shilingi ya Simba ya Kumi na Moja

Niliporudi Tabora na shahada ya kemia, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kuuza chenji. Wenye maduka wa Isevya walinipa noti, nikaenda nazo benki, nikapanga foleni, nikarudi na vifuko vya plastiki vyenye sarafu. Kwa usumbufu huo walinilipa kidogo. Watu wa mtaa waliona aibu kwa niaba yangu, mimi sikuwa na muda wa kuiona.

Kuna jambo sikuwaambia wenye maduka. Kila kifuko cha mia tano kilichopita mikononi mwangu nilikimwaga kwenye mkeka na kukichambua kabla ya kukipeleka dukani. Sarafu yetu ya mia tano inakaribiana sana kwa ukubwa na shilingi ya enzi za Mwingereza, ile yenye simba upande mmoja na kichwa cha mfalme upande wa pili. Shilingi hizo za zamani zina madini ya fedha ndani yake. Si nyingi, lakini ipo. Bibi akifariki kijijini, wajukuu wanakuta kopo chini ya kitanda, mmoja anachomoa sarafu na kuitia kwenye kapu la sadaka au anakwenda kununulia sukari jioni, taa hafifu, muuzaji ana haraka. Ikishaingia kwenye fungu la mia tano, inasafiri na wenzake mpaka benki, na siku ambayo mashine ya kuhesabia imegoma, inatoka tena bila mtu kuitazama usoni.

Nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Mia tano ni chuma kilichopakwa nikeli, ukiisogezea sumaku inaruka. Shilingi ya simba hairuki. Huo ndio uliokuwa ujuzi wangu wote, na kwa miezi saba ulinipatia shilingi tisa. Nilizitia kwenye kikombe cha bati na kukiweka juu ya kabati. Nilikuwa nasubiri zifike kumi nizipeleke kwa sonara wa mjini, mzee wa Kihindi ambaye alishanionya mapema.

"Binti, hizi za simba shaba nyingi, fedha kidogo," alisema. "Lete rupia ya Mjerumani. Hapo tutaongea, hata chai utakunywa."

Rupia sikuwahi kuipata. Mji wetu umekaa juu ya njia ya misafara ya pembe na nguo, kila mtu ana babu aliyefukia kitu mahali fulani, na nusu ya vijana wa rika langu wamewahi kuchimba uani kwa mtu. Mimi nilijiona mwenye akili kuliko wao kwa sababu nilichimba kwenye vifuko vya benki.

Niliishi kwa dada yangu. Mume wake ni dereva wa lori, mara yuko Igunga anapakia mpunga, mara hajulikani yuko wapi. Nyumbani tulikuwa mimi, dada, mama mkwe wake, na mtoto wa dada, msichana wa mwaka mmoja na miezi miwili. Kabla ya huyo dada alikuwa na mwingine, wa kiume, aliyefia wodini akiwa na miezi miwili. Tangu siku hiyo neno hospitali halikutamkwa mle ndani ila kwa kunong'ona, na mtoto huyu wa pili alikuwa anaangaliwa na macho sita usiku na mchana. Akipiga chafya, watu watatu walisimama.

Siku moja macho yaliyobaki nyumbani yalikuwa mawili tu, yangu. Dada alikuwa sokoni, mama mkwe alikuwa ameenda kwenye sala ya jumuiya. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Nilikuwa nimemwaga kifuko cha sarafu mia moja, na sumaku ilikuwa imeniachia simba wawili katika kifuko kimoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikawaweka kando ya mkeka. Mwenye duka la jirani akaita mlangoni, anataka chenji sasa hivi, mteja amesimama. Nilitoka. Tulibishana juu ya mia mbili. Sidhani kama nilikaa nje zaidi ya dakika tatu.

Niliporudi, mtoto alikuwa ameketi katikati ya sarafu, anakohoa, macho yamemtoka, machozi yanatiririka bila sauti ya kilio.

Nilimgeuza kifudifudi kwenye mkono wangu nikampiga mgongoni. Alitema ute. Nilimfungua mdomo nikachungulia, nikaingiza kidole, hakuna kitu. Akavuta pumzi, akalia, kisha akanyamaza na kunitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa anapumua.

Nikafanya kile nilichofundishwa kufanya, nikatafuta ushahidi. Nilihesabu mia tano zote. Zilikuwa tisini na nane. Mia kutoa simba wawili ni tisini na nane. Hesabu imekaa sawa. Nilihesabu tena, ikakaa sawa tena, na furaha iliyonijia ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilizoa kila kilichong'aa pembezoni mwa mkeka, nikakitupia kwenye kikombe cha bati, na kukirudisha juu ya kabati bila kutazama ndani.

Dada aliporudi sikumwambia. Kulikuwa na nini cha kumwambia? Mtoto alikohoa, mtoto ameacha.

Lakini alasiri ile udenda ulianza kumtoka. Alikataa ndizi. Alikunywa maji kidogo, yakarudi kupitia puani. Alipolala nilichukua sumaku, nikaipitisha polepole kwenye koo lake, kifuani, tumboni. Niliogopa kuhisi mvuto. Sikuhisi chochote. Nikajiambia: ingekuwa mia tano, ningehisi. Kwa hiyo si mia tano. Kwa hiyo hakuna sarafu. Leo nikiandika hoja hiyo naona tundu lake lilivyo pana, na hata hoja yenyewe ilikuwa upuuzi, kwa maana sumaku ya spika haiwezi kuvuta chuma kupitia mwili wa mtu namna ile. Siku ile niliishikilia kama mtu anayezama.

Jioni, kabla jua halijazama vizuri, mama mkwe alimpakata mtoto mlangoni penye mwanga, akambana taya, akamulika kooni kwa simu.

"Kimeo," alisema. "Kimeshuka hiki. Tazama kilivyolala juu ya ulimi."

Kwetu kila mtu anajua kimeo. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Mtoto akikohoa, akikataa kula, akitokwa udenda, watu husema kimerefuka, na yupo mtu wa kukikata. Mama mkwe alimfahamu wa kwake, mzee wa kijiji cha Ipole mwenye mizinga ya nyuki na kisu chembamba, aliyewakata vimeo watoto wote watano wa mama mkwe.

"Mama, kile kinyama kila mtu anacho," nilisema. "Hakihusiani na kukohoa. Watoto wanakufa kwa kuvuja damu kwa sababu ya visu hivyo."

"Marahaba," alijibu, ingawa sikuwa nimemwamkia. "Naona umeanza kuniamkia kwa masomo. Wangu watano wamekatwa, wote wana watoto. Wako wewe ni wangapi?"

"Tumpeleke hospitali."

Dada alikuwa anachambua mchele, mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Yule wa kwanza tulimpeleka hospitali," alisema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kauli ilikuwa fupi: alikaa na sarafu, nikamkuta anakohoa. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliona uso wa dada, na nikaona mfuko wangu wa nguo kwenye kona ya chumba ambacho sikukilipia, nikasema maneno mengine. Nikaeleza juu ya bakteria. Niliongea karibu nusu saa kuhusu usafi wa visu, mimi ninayejidai sikubali jambo bila ushahidi, huku ushahidi pekee niliokuwa nao nikiwa nimeufunga mdomoni mwangu mwenyewe.

"Chuo kikuu kimekufundisha kuokota chenji," mama mkwe alisema akiinuka. "Watoto tuachie sisi."

Asubuhi waliondoka mapema na bajaji kwenda stendi kuwahi basi la Sikonge, ili wafike Ipole kabla ya jua kali. Mtoto alikuwa amelegea begani kwa dada, kitambaa kimelowa chini ya kidevu chake. Hakuwa analia. Kutolia kwake kulinitisha kuliko kilio chochote.

Nilibaki peke yangu na nyumba. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikashusha kikombe nikitaka kujishughulisha. Tisa na wawili ni kumi na moja. Niliwapanga kwenye mkeka, simba juu, mstari mmoja.

Walikuwa kumi.

Nilipapasa ndani ya kikombe. Nilinyanyua mkeka, nikasogeza kabati, nikalala kifudifudi nikamulika chini ya kitanda. Kumi. Na wakati huohuo, nikiwa bado sakafuni na vumbi mdomoni, nilielewa jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelielewa. Sumaku haikuvuta kwa sababu shilingi ile haivutwi. Ndiyo maana niliipata. Hesabu ya tisini na nane ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na haikuwa imeniambia lolote kuhusu mtoto.

Nilichukua simba mmoja nikakimbia. Bodaboda wa kwanza aliniuliza naenda wapi, nikashindwa kulitamka neno stendi, nikaonyesha kwa mkono.

"Dada, umefiwa?"

"Bado," nikamjibu. Akaondoa pikipiki bila kutaja nauli.

Basi lilikuwa halijatoka. Kondakta alikuwa anafunga magunia juu. Dada alikuwa dirishani, nikagonga kioo kwa kiganja mpaka kila mtu akageuka.

"Shuka! Si kimeo! Amemeza shilingi!"

"Shilingi gani?"

Niliinua ile ya mkononi. Dada aliitazama kama anayetazama kitu kilichokufa. Mama mkwe akaegemea mbele.

"Huyu anatuchezea. Jana bakteria, leo shilingi. Kesho atasema treni."

"Mama, nakuomba. Akikatwa nayo imo kooni, itatumbukia, atakosa hewa palepale." Sikuwa na hakika kama ni kweli. Niliisema kama ninayeijua.

"Dereva anawasha," kondakta alisema. "Mnashuka au mnasafiri? Nauli sirudishi."

Dada alishuka. Mama mkwe alibaki ameketi kwa muda, kisha akamfuata akisonya.

Hospitalini walitupitisha mbele ya foleni baada ya muuguzi kuona ule udenda. Picha ya eksirei ilipotoka, daktari, kijana ambaye huenda alikuwa sawa nami kwa umri, aliinua karatasi ile nyeusi dhidi ya dirisha. Katikati ya mbavu nyembamba kama miiba ya samaki palikuwa na duara jeupe, kamili, limekaa sehemu ya juu ya kifua.

Mama mkwe alishika ukuta.

"Sarafu au betri?" daktari aliuliza. "Zile betri za mviringo zinaunguza. Nahitaji kujua."

"Sarafu." Nikampa ile niliyokuja nayo. Aliigeuzageuza, akailinganisha na picha.

"Nzuri. Sasa nisikilize vizuri. Kuna njia ya kuivuta hapahapa, tunapitisha mrija wenye puto, tunalijaza puto chini yake, tunavuta. Inafaa ikiwa imekaa muda mfupi. Ikishakaa, inakula ukuta wa koo, nikivuta napasua. Ikiwa hivyo nawapa gari la wagonjwa aende mbali, na njiani sijui. Imemezwa lini?"

Dada alikuwa amesimama kando yangu. Nilihisi joto la bega lake. Nilijua angepokea jibu lolote: asubuhi hii, nilipokuwa nafagia, sikujua, sikuona. Yeyote angesema hivyo. Nilijua pia kwamba mkono wa huyu daktari ungekwenda au ungesimama kwa neno langu.

"Jana," nilisema. "Ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Nilimkuta anakohoa."

Daktari alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu. Alihesabu kwa midomo, akamgeukia muuguzi. "Haijafika siku nzima. Tunafanya sasa. Mleteni."

Walimchukua kutoka mikononi mwa dada na mlango ukafungwa. Ulikuwa mlango wa mbao, rangi ya bluu, umebanduka chini ambako watu huusukuma kwa mguu. Nyuma yake hakukuwa na sauti. Nilijaribu kukumbuka mtu anaweza kukaa muda gani bila hewa, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kutolijua jibu.

"Tangu jana," dada alisema. Hakunitazama, alikuwa anautazama mlango. "Nilipokuwa nachambua mchele, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa sina hakika."

"Sikukuuliza kama una hakika."

Ndani, chombo cha chuma kilianguka kwenye sinia, au ilikuwa shilingi, sikuweza kutofautisha, na baada yake kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Dada alinishika mkono. Hakunishika kwa upendo, kucha zake ziliingia. Kisha mtoto akalia, kilio kikavu, cha hasira, chenye sauti yote iliyokosekana tangu jana.

Dada aliuachia mkono wangu, akausukuma mlango kwa mguu, akaingia. Mimi nilibaki nje. Hakuna aliyenikataza kuingia.